Mafuta kwenye chakula cha mbuzi na ng'ombe: je, yanaongeza maziwa?

Kwenye mikutano ya kamati za amani kuna maswali ambayo hayakuandikwa kwenye ajenda lakini yanafika tu. Watu wamekusanyika kuzungumzia njia za ng'ombe au mgao wa mbuzi, kisha mama mmoja ananyoosha mkono na kuuliza: je, ni kweli kwamba ukimpa mbuzi mafuta ya mawese maziwa yanaongezeka? Kabla hajaketi, mzee wa upande wa pili anajibu kwamba ni uongo. Yeye alimnywesha ng'ombe wake mafuta, akaharisha siku tatu, na maziwa yakapungua. Watu wanacheka, mkutano unaendelea, na mama anarudi nyumbani bila jibu.

Tumeona vema kulijibu swali hilo katika kurasa hizi. Kwa familia iliyokimbia, chupa ya mafuta ni chakula na ni pesa. Ikiingia kwenye tumbo la mbuzi, haipo tena kwenye sombe. Tena, katika sehemu nyingi za Kivu, mazungumzo juu ya kile mnyama anachokula ni mazungumzo juu ya majani, mashamba na mipaka. Kiongozi asiyejua jambo hili anaweza kuamua kesi vibaya.

Jibu fupi ni kwamba mama na mzee wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli. Mafuta kidogo, kwa mnyama aliyeshiba majani, yanaweza kusaidia. Mafuta mengi, au mafuta kwa mnyama mwenye njaa, yanaharibu. Tueleze kwa nini.

Mawazo haya yalitoka wapi?

Gramu moja ya mafuta ina nguvu zaidi ya mara mbili ya gramu moja ya wanga, kama ule wa mahindi au muhogo. Mnyama anayekamuliwa anahitaji nguvu nyingi, hasa katika wiki za kwanza baada ya kuzaa. Wakati huo maziwa yanapanda haraka kuliko hamu yake ya kula, na mwili wake unaanza kuchoma mafuta uliyojiwekea. Ndiyo maana mbavu za mbuzi aliyezaa zinaonekana hata kama anakula vizuri.

Katika nchi za Ulaya na Marekani kuna ng'ombe wanaotoa litri 30 na zaidi kwa siku. Hawawezi kula majani ya kutosha kwa kazi hiyo, kwa hiyo wafugaji wao huongeza mafuta kidogo kwenye chakula. Huko jambo hili ni la kawaida, na limefanyiwa utafiti kwa miaka mingi. Ushauri huo ndio unaotufikia huku, ukipita mdomo hadi mdomo na kupoteza vipimo vyake njiani.

Lakini ng'ombe wetu wa kienyeji, akimwachia ndama sehemu yake, mara nyingi hafiki litri 3 kwa siku. Kinachomzuia si mafuta. Ni majani, maji, minyoo, na njia ndefu anayotembea. Ng'ombe wa namna hiyo ukimwongezea mafuta kabla ya kumtafutia majani, ni kama kuweka bati jipya juu ya nyumba isiyo na nguzo.

Tumbo kubwa na wafanyakazi wake

Ng'ombe, mbuzi na kondoo ni wanyama wanaocheua. Tumbo lao la kwanza ni kama pipa kubwa la kuchachishia. Ndani yake wanaishi vijidudu wengi kupita hesabu, wasioonekana kwa macho, na kazi yao ni kuvunjavunja nyuzi za majani. Sisi watu hatuwezi kula majani ya matete tukaishi. Ng'ombe naye hawezi peke yake. Vijidudu hao ndio wanaomfanyia kazi.

Sasa mimina mafuta ndani ya pipa hilo. Mambo mawili hutokea. Kwanza, mafuta yanayafunika majani kama vile mafuta yanavyofunika sahani, na vijidudu wanashindwa kushika nyuzi. Pili, mafuta ya majimaji, kama ya soja, alizeti au mahindi, ni sumu kwa sehemu ya vijidudu hao, hasa wale wanaovunja nyuzi. Kazi inapungua, majani yanakaa tumboni bila kusagika, na mnyama anaacha kula. Mavi yanakuwa laini, na ukiyatazama vizuri unaona vipande vya majani ambavyo havikumeng'enywa. Hicho ndicho kilichompata yule mzee na ng'ombe wake.

Vijidudu hao nao wana namna ya kujilinda. Wanayabadilisha mafuta ya majimaji yawe mafuta magumu, yasiyowadhuru sana. Ndiyo maana samli ya ng'ombe huganda kwenye baridi ya Masisi hata kama ng'ombe amekula majani tu, ambayo mafuta yake ni ya majimaji. Kazi hiyo ina kipimo chake. Mafuta yakija kidogo kidogo wanaimaliza. Yakija bidoni zima kwa siku moja wanazidiwa.

Mafuta ya maziwa yanatoka wapi hasa?

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui, nasi tunaomba walitafakari. Mafuta yaliyo ndani ya maziwa ya ng'ombe yanatoka njia mbili, na kila njia huleta karibu nusu. Nusu moja hutoka kwenye damu: mafuta aliyokula mnyama na mafuta ya mwili wake mwenyewe. Nusu nyingine kiwele hujitengenezea chenyewe, kwa kutumia kitu kama siki kinachotokana na majani yanapochacha ndani ya tumbo kubwa.

Kwa maneno mengine, majani makavu yasiyo na mafuta ya kuonekana ndiyo baba wa nusu ya mafuta ya maziwa. Ukimimina mafuta mengi, unaongeza ile nusu ya kwanza na kuua ile ya pili.

Katika mwaka 2000, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani walitambua jambo jingine. Vijidudu wakizidiwa na mafuta ya majimaji, hasa pale mnyama anapokula nafaka nyingi na majani machache, wanatengeneza aina fulani ya mafuta isiyo ya kawaida. Gramu chache tu za aina hiyo zikifika kwenye kiwele cha ng'ombe zinakiamuru kiache kutengeneza mafuta. Maziwa yanaendelea kutoka, pengine mengi kama jana, lakini ni mepesi kama maji. Mwenye kutengeneza samli au fromaji ndiye anayegundua kwanza. Habari njema ni kwamba hali hiyo inapita: ukiondoa yale mafuta na kurudisha majani, maziwa yanarudi katika hali yake kwa muda wa wiki mbili hivi.

Tusisahau protini. Mara nyingi ng'ombe anapopewa mafuta, protini ndani ya maziwa yake inashuka kidogo. Kwa mtoto anayekunywa kikombe kimoja si tatizo kubwa. Lakini kwa wale wa Masisi wanaouza fromaji Goma, protini ndiyo inayogandisha maziwa, na wanapaswa kuangalia.

Mbuzi si ng'ombe mdogo

Kosa moja la watu wanaotoa ushauri ni kuchukua vipimo vya ng'ombe, kuvigawanya kwa kumi, na kuvipeleka kwa mbuzi. Watafiti wa Ufaransa, ambako mbuzi wa maziwa ni wengi, walikusanya matokeo ya majaribio mengi na kuyachapisha mwaka 2003. Waliona kwamba mbuzi ana tabia yake. Akipewa mafuta kwa kiasi, karibu kila mara maziwa yake yanakuwa mazito zaidi, yaani mafuta ndani yake yanaongezeka. Ile shida ya kiwele kufunga kazi haimpati mbuzi kwa urahisi kama inavyompata ng'ombe. Lakini wingi wa maziwa, yaani kipimo cha kikombe, kwa kawaida haubadiliki.

Kwa hiyo yule mama anayesubiri sufuria ijae asingojee. Akipata kitu, atapata maziwa yenye mafuta zaidi katika kikombe kile kile.

Wengine wanasema: mbona mawese ni mekundu na maziwa ya mbuzi bado ni meupe, basi mafuta hayakupita? Hapana. Mbuzi huigeuza rangi ile ya mawese kuwa vitamini A, ambayo haina rangi. Ng'ombe hawezi kuigeuza yote, na ndiyo sababu samli yake ni ya njano.

Kiasi gani?

Wataalamu wengi wanakubaliana kwamba mafuta yote katika chakula cha mnyama anayecheua yasizidi gramu 6 au 7 katika kila gramu 100 za chakula, ukikipima kikiwa kikavu. Majani yenyewe yana mafuta tayari, gramu 2 hadi 3 katika kila 100. Basi nafasi iliyobaki ni ndogo.

Tuchukue mbuzi wa kilo 30. Kwa siku anakula chakula ambacho kikikaushwa ni kama kilo 1, yaani mzigo wa kilo 4 hadi 5 wa majani mabichi. Mpaka wake wa juu ni gramu 60 za mafuta kwa jumla, na majani yameshamletea 20 au 30. Nafasi iliyobaki ni gramu 30, yaani vijiko viwili vikubwa. Huo ni mpaka, si kipimo cha kuanzia. Mwenye kujaribu aanze na nusu kijiko, akichanganye na pumba, na apandishe polepole kwa muda wa wiki mbili ili vijidudu wazoee. Kumnywesha mnyama mafuta kwa chupa ni kosa: yanaweza kuingia kwenye mapafu, na yanafika tumboni yote kwa pamoja.

Ng'ombe wa kienyeji wa kilo 280 anakula karibu kilo 7 za chakula kikavu kwa siku. Kwa hesabu ile ile, nafasi yake ni kama gramu 200. Kama hajashiba majani, nafasi hiyo haipo kabisa.

Na mafuta ya mgao?

Hapa tuseme wazi, kwa sababu tumesikia watu wakifikiria kutumia mafuta ya msaada. Mgao wa kawaida wa PAM, pale unapotolewa kamili, huwa na gramu 25 hadi 30 za mafuta kwa mtu mmoja kwa siku. Ni kipimo kile kile cha vijiko viwili vya mbuzi. Hebu tufanye hesabu.

Gramu 30 za mafuta zina karibu kalori 270. Tuseme mbuzi wako anatoa nusu litri kwa siku, na katika maziwa hayo mna gramu 20 za mafuta. Ukimpa gramu 30, na mambo yakienda vizuri sana, maziwa yake yanaweza kupanda hadi gramu 25. Umetoa 30 ukapata 5. Kalori 270 zimerudi 45. Sehemu nyingine imebaki kwenye mwili wa mbuzi. Kwa mbuzi hiyo si hasara, anaweza kunenepa kidogo na kupandwa mapema, lakini mtoto wako hawezi kula unene wa mbuzi leo jioni.

Zaidi ya hayo, mafuta ya mgao yameongezwa vitamini A na D kwa ajili ya watu. Mtoto akiyala kwenye uji wake anayapata yote. Kwa maoni yetu, mafuta yanayofaa kwa mtu yasipewe mnyama katika nyumba ambayo watu hawajashiba. Kinachofaa mnyama ni kile ambacho mtu hawezi kula.

Na tukumbushe, maana maziwa yanapokuwepo mama hujaribiwa: mtoto chini ya miezi 6 ni ziwa la mama tu. Kwa wengine wote, maziwa yachemshwe kwanza, kwa kuwa ugonjwa wa kuharibu mimba kwa mifugo hupita katika maziwa mabichi na kumpa mtu homa isiyoisha.

Makapi ya mafuta

Kile ambacho mtu hawezi kula kipo, na kipo karibu. Wakati mafuta yanapokamuliwa kutoka karanga, soja, alizeti au viini vya mchikichi, kunabaki makapi. Wafugaji wa Tanzania na Kenya huyaita mashudu. Kwetu wengi husema turto. Mashine ndogo za vijijini hazikamui mafuta yote, kwa hiyo mashudu yao yana mafuta kuliko yale ya viwanda vikubwa. Mara nyingi ni gramu 5 hadi 10 katika kila 100, na mengine zaidi. Mafuta hayo yamefungwa ndani ya makapi, yanatoka polepole tumboni, na vijidudu wanapata muda wa kuyashughulikia. Tena mashudu yanakuja na protini, ambayo majani ya kiangazi hayana. Kusema kweli, mara nyingi maziwa yanayoongezeka baada ya kutoa mashudu yanaletwa na protini hiyo kuliko mafuta yenyewe.

Mashudu ya viini vya mchikichi yana mchanga-mchanga mdomoni na wanyama huyakataa siku za kwanza. Changanya na pumba au maganda ya muhogo yaliyokauka vizuri. Mbuzi mmoja zimtoshe gramu 100 hadi 200 kwa siku, ng'ombe anayekamuliwa kilo 1. Kwa kondoo uwe mwangalifu: mashudu haya yana shaba ndani yake, na kondoo haivumilii shaba kama wanyama wengine. Akila mengi kwa miezi inamwua kupitia maini.

Mashudu ya karanga ndiyo matamu kuliko yote, na ndiyo yenye hatari kuliko yote. Yakihifadhiwa mahali penye unyevu yanaota ukungu, na ukungu huo hutengeneza sumu inayoitwa aflatoksini. Ng'ombe au mbuzi akiila, sehemu ya sumu hiyo inapita kwenye maziwa, na kuchemsha hakuiondoi. Mashudu yenye harufu ya uvundo au madoa ya kijani yatupwe mbali, yasiwape hata kuku. Tunajua inauma kutupa kitu ulichonunua kwa franka zako. Nunua kidogo kidogo, yale ya wiki moja au mbili, na uyaweke juu ya mbao, si chini.

Soja ikitolewa nzima ikaangwe kwanza. Na kuna jambo moja la kuonya. Wengine wamesikia kwamba wazungu huwapa ng'ombe sabuni ya mawese. Ni kweli kwa namna fulani: viwandani hutengenezwa unga wa mafuta ya mawese yaliyofungwa na kalsiamu, na unga huo hupita tumbo kubwa bila kuwasumbua vijidudu, kisha unafunguka mbele ya safari. Lakini si sabuni ya soda inayouzwa sokoni. Hiyo humchoma mnyama koo na tumbo. Asithubutu mtu.

Mashudu yako bondeni, ng'ombe wako mlimani

Sasa tufike kwenye jambo linalowahusu viongozi. Katika wilaya ya Fizi, Kivu ya Kusini, michikichi iko chini, upande wa ziwa Tanganyika na kwenye mabonde. Ng'ombe wengi wamekuwa juu, kwenye nyanda za Minembwe na Itombwe. Kila kiangazi, kuanzia mwezi wa 6, majani ya juu yanakauka na makundi yanashuka Lulenge na Ngandja. Desturi hiyo ni ya tangu enzi za wazee. Mfugaji alitoa itulo, yaani zawadi ya kimila kwa mkuu wa ardhi, na akapewa malisho. Baadaye wenye mashamba wakaanza kulalamika kwamba zawadi inaishia kwa wakubwa huku mihogo inayoliwa ni yao, na watu wenye bunduki nao wakataka sehemu yao. Vita vilivyowaka katika nyanda za juu tangu 2017 vimeharibu vijiji vya jamii zote, na maelfu ya ng'ombe wamenyang'anywa. Watu huita mgogoro huo wa makabila. Wanaokaa kwenye mabaraza wanajua ni mara ngapi ulianza na mdomo wa ng'ombe katika shamba la mihogo.

Je, mashudu ya bondeni yanaweza kupunguza ugomvi huo? Tumekutana na watu wanaoamini hivyo, na tunaheshimu nia yao, lakini tuhesabu. Kundi la ng'ombe 100, kila mmoja akipewa kilo 1 kwa siku, kwa siku 90 za kiangazi, ni kilo 9,000. Nani atazipandisha mlimani, kwa njia zipi, na kwa kulipa vizuizi vingapi? Na hata zikifika, tumeshaona kwamba mashudu bila majani hayafanyi kazi. Hakuna gunia litakalochukua nafasi ya makubaliano juu ya malisho.

Lakini punguza hesabu. Katika kundi hilo, tuseme wanaokamuliwa ni 25. Hao peke yao ni kilo 2,250 kwa kiangazi chote. Hao wanaweza kubaki karibu na nyumbani, wakala majani machache yaliyohifadhiwa pamoja na mashudu, na watoto wakaendelea kupata maziwa, wakati waliokauka na madume wanashuka kwa njia iliyokubaliwa. Kundi linaloshuka linakuwa dogo, na vijana wanaolichunga wanaliweza. Hilo linastahili kuzungumzwa mezani.

Na pale wanaoketi mezani ni mkamuaji wa mafuta na mfugaji, kila mmoja ana kitu ambacho mwenzake anakitaka. Mkamuaji ana makapi ambayo pengine anayachoma moto au kuyatupa. Mfugaji ana samadi, samli na maziwa. Viongozi wakiwasaidia kubadilishana, tunawaomba wasimamie vipimo. Biashara nyingi za namna hii zimekufa si kwa chuki, bali kwa sababu gunia la upande mmoja lilikuwa kubwa siku ya kwanza na dogo siku ya tatu. Chagueni chombo kimoja, kipigwe alama mbele ya pande zote mbili.

Kwa kamati za mbuzi wa kupokezana

Katika maeneo mengi familia zilizohama na zile zilizozipokea hupewa mbuzi kwa zamu: ukizalisha, unampa jirani mtoto wa kwanza wa kike. Ugomvi hutokea pale mbuzi wa mmoja anatoa kikombe na nusu, wa mwingine nusu kikombe. Maneno yanaanza: fulani alichaguliwa mbuzi mzuri kwa sababu ni ndugu wa katibu, fulani anapewa chakula cha siri. Kabla ya kuamini, kamati iulize. Mbuzi alizaa lini? Aliyezaa wiki ya 4 na aliyezaa mwezi wa 5 hawalinganishwi. Ni uzao wake wa ngapi? Wa kwanza hutoa kidogo. Ananyonyesha mapacha? Amepewa dawa ya minyoo na veterineri? Anapata mzigo mzima wa majani na maji, au amefungwa kamba kutwa nzima kando ya hema?

Kama baada ya maswali hayo kamati inataka kujaribu mashudu, ijaribu kwa wote au isijaribu. Pimeni maziwa ya asubuhi kwa siku 7 kabla ya kuanza, kisha toeni mashudu polepole kwa wiki mbili, halafu pimeni tena siku 7. Msijaribu kuyaacha maziwa ya mbuzi yalale usiku ili kuona utando wa mafuta juu, kama mnavyofanya kwa ya ng'ombe. Matone ya mafuta ya mbuzi ni madogo mno na hayapandi vizuri, mtadhani hakuna kitu. Mbuzi akiharisha au akiacha kucheua, simamisheni mashudu siku hiyo hiyo na mrudi kwenye majani. Na kikombe cha kupimia kiwe kimoja kwa mbuzi wote, kikae kwa mweka hazina, si kwa mwenye mbuzi.